Kabla ya kununua mfumo mwingine wa hospitali, muulizeni msajili wa saratani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nina neno na wataalamu wa saratani, nina neno na wataalamu wa TEHAMA, na ni neno lile lile kwa wote: kaeni meza moja, na kwenye meza hiyo wekeni kiti cha msajili.

Mimi ni mtunza kumbukumbu katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu ni kusajili saratani. Mgonjwa akigundulika, mimi na mwenzangu tunalifuata faili lake kliniki, wodini na maabara ya patholojia, panapopimwa vinyama vya uvimbe, hadi tujue yale ambayo daftari la saratani haliendi bila hayo: ni nani, ana umri gani, anaishi wapi, ugonjwa umeanzia kiungo gani, ni wa aina gani, umegunduliwa tarehe gani na umethibitishwa kwa njia gani. Kisha tunayageuza kuwa namba zinazotumika dunia nzima. Titi ni C50, mlango wa kizazi ni C53, koo la chakula ni C15. Aina ya seli nayo ina namba yake, na baada ya mkwaju (/) inafuata tarakimu moja inayotaja tabia ya uvimbe: 0 ni uvimbe usio saratani, 2 ni saratani ambayo haijapenya, 3 ni saratani kamili. Tarakimu hiyo ikiandikwa ovyo, mtu amepewa ugonjwa asio nao.

Programu tunayoitumia ni CanReg5, iliyotengenezwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani na makao yake yako Lyon, Ufaransa. Inatolewa bure. Haina mapambo, lakini inaonekana wazi kwamba walioitengeneza walikaa na watu wa kazi hii. Ukimwandikia mwanamke saratani ya tezi dume inakuzuia. Ukiingiza mtu ambaye jina, jinsia na mwaka wa kuzaliwa vinakaribiana na vya mtu aliyemo tayari, inawaweka wote wawili mbele yako uamue kama ni mmoja. Hivi ndivyo mambo yanavyokuwa mtaalamu wa kompyuta akimsikiliza mtaalamu wa saratani.

Sasa ya kwetu. Hospitali ilipowekewa mfumo mpya wa kompyuta tulifurahi, maana tulikuwa tumechoka na mafaili yaliyoliwa na mchwa na majina yaliyofutika kwa unyevu. Mfumo ule unajua glavu zilizotumika wodini na bei ya kila bomba la sindano. Mgonjwa hawezi kupita dirisha la malipo bila kuonekana. Hilo ni jema, hospitali haiendeshwi bila fedha. Lakini zamani daktari aliandika kwenye faili la karatasi "Ca titi", yaani saratani ya titi, na mbele yake akaweka alama ya kuuliza. Alama ile ilikuwa na uzito mkubwa. Ilimaanisha: nashuku, nimechukua kinyama, nasubiri majibu. Kwenye mfumo mpya daktari anafungua orodha ya magonjwa na kuchagua moja. Hakuna mahali pa shaka. Anachagua saratani ya titi kwa sababu bila kuchagua kitu hawezi kuagiza kipimo, na tangu dakika hiyo mama yule ni mgonjwa wa saratani katika kila ripoti inayotoka, hata kama wiki tatu baadaye maabara itasema ni uvimbe wa kawaida.

Nilimuuliza kijana wa TEHAMA aliyekuja kutufundisha, kijana mwenye adabu na akili nyingi. "Mwanangu, ile alama ya daktari ya kuuliza tunaiweka wapi?"

"Mama, sehemu hiyo haipo," akanijibu. "Kwenye mahitaji tuliyopewa haikuandikwa."

Simlaumu hata kidogo. Alijenga alichoagizwa. Walioandika mahitaji walikuwa watu wa fedha na watu wa stoo, na kila mmoja aliuliza ya kwake. Sisi hatukuitwa. Wala daktari wa patholojia hakuitwa, ndiyo maana majibu yake yanapigwa picha na kubandikwa kwenye ukurasa wa mgonjwa. Kwa macho unayasoma vizuri. Ukiiambia kompyuta ikutafutie wote wenye saratani ya koo la chakula, haioni hata mmoja, kwa kuwa kwake majibu yale ni picha tu sawa na picha ya harusi. Basi tunarudi kufungua ukurasa mmoja mmoja, kusoma na kuandika upya kwa mkono, ndani ya hospitali inayosemekana imeachana na karatasi.

Linaloniuma zaidi ni makazi. Bibi anatoka Ukerewe kwa kivuko, anafikia kwa mdogo wake Igoma, Mwanza. Dirishani anaulizwa anwani, anataja Igoma, kwa sababu huko ndiko iliko simu itakayopigwa. Karani ana foleni ndefu mbele yake, anaandika Igoma, anaita mwingine. Mimi nikimkuta wodini humwamkia, namuuliza habari za nyumbani, halafu namuuliza msimu uliopita alivuna wapi mihogo yake. Hapo ndipo Ukerewe inapojitokeza. Lakini siwezi kumfikia kila mgonjwa, na wale nisiowafikia wanabaki kuwa wakazi wa Igoma, wa Buhongwa, wa Nyegezi, mitaa ambayo kwenye kompyuta inaonekana imejaa saratani ilhali vijiji walikotoka wagonjwa vinaonekana vizima.

Mtu anaweza kuliona hili dogo. Ndugu Mhariri, imesemwa mara nyingi, hadi bungeni, kwamba Kanda ya Ziwa inaongoza kwa saratani. Wengine wanataja zebaki ya wachenjuaji wa dhahabu, wengine dawa za pamba, wengine maji ya ziwa. Watu wa huku wana haki ya kupata jibu, maana ni miili yao na ya watoto wao. Ila kuhesabu wagonjwa wa Kanda ya Ziwa waliofika hospitali kubwa za Dar es Salaam hakutoshi. Kanda hii ina watu wengi, na penye watu wengi hata ugonjwa wa kawaida huleta wagonjwa wengi. Kinachotakiwa ni wagonjwa wapya wa mahali fulani kwa mwaka, wagawanywe kwa wakazi wa mahali hapo. Wakazi wamehesabiwa, Sensa ya mwaka 2022 imefika hadi kitongojini. Wagonjwa ndio hatujui wanatoka kitongoji gani. Huwezi kujibu "kwa nini hapa" kama hujui hapo ni wapi.

Na hili siyo la kubuni. Lilishafanyika hapa Afrika Mashariki, kabla ya kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliona watoto wenye uvimbe wa taya usiofanana na uliozoeleka. Aliandika habari zao mwaka 1958. Hakuishia hapo. Alituma barua na picha kwa hospitali nyingi akiuliza swali moja: mnawaona watoto kama hawa? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari na kuzunguka kwa takriban maili 10,000, kutoka Uganda kushuka hadi Afrika Kusini, wakipita hospitali kwa hospitali, Tanganyika ikiwemo. Walipoweka kila mtoto mahali pake kwenye ramani, ikaonekana kwamba ugonjwa ule unafuata sehemu za joto na mvua na unakwepa nyanda za juu. Hapo ndipo watafiti walipoanza kuutazama kwa jicho la malaria na virusi, na mwaka 1964 maabara moja ya London ikaona ndani ya uvimbe ule kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr. Ukiirudia safari hiyo yote, chanzo chake ni jibu la swali ambalo karani wetu hana muda wa kuuliza: mtoto huyu anatoka wapi?

Niongeze la Mengo, maana sisi watu wa masjala tunapaswa kulijua. Hospitali ile ya Kampala ilianzishwa na Albert Cook mwaka 1897, na tangu siku za mwanzo maelezo ya wagonjwa yaliandikwa na kuhifadhiwa. Mwaka 1964 mtafiti Davies na wenzake walichapisha uchambuzi wa saratani zilizoonekana hapo toka 1897 hadi 1956. Karibu miaka 60 ya saratani za jamii moja, imesomwa kutoka katika maandishi ya mkono. Waliokuwa wakiandika hawakujua kwamba ipo siku mtu angekuja kuyahesabu. Waliandika vizuri tu. Nina hofu kwamba mfumo wetu wa leo, wenye umeme na seva na vioo vinavyong'aa, mtu akiufungua baada ya miaka 60 atajua ni glavu ngapi tulitumia na hatajua ni nani aliugua nini.

Tatizo lingine limo katika namna tulivyozoea kuhesabu. Vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, vilitufundisha kuhesabu mahudhurio, na mifumo ya kompyuta iliyofuata imerithi hesabu hiyo hiyo: wangapi wamekuja mwezi huu, kwa ugonjwa gani. Kwa malaria inafaa. Kwa saratani, mama mmoja anakuja kupimwa, anarudi kuchukua majibu, anapewa rufaa ya mionzi, anarudi kwa maumivu. Kwa hesabu ya mahudhurio hao ni wanne. Kwenye daftari letu lazima awe mmoja, na kumfanya awe mmoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Huku kwetu r na l zinabadilishana nafasi bila kuulizana. Magreth ni Margaret ni Magireti ni Maglet. Khadija wa kliniki ni Hadija wa maabara. Aliyeolewa amechukua jina la mume, na mwenye mtoto mkubwa amejiandikisha kama Mama Fulani. Tarehe ya kuzaliwa haijulikani, basi kila mtu kazaliwa Januari 1. Tungekuwa na namba moja inayomfuata mgonjwa kutoka zahanati hadi hospitali ya kanda hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road, nusu ya siku yangu ingerudi mikononi mwangu. Badala yake kila jengo linampa namba yake, na akipoteza kadi anapewa nyingine mpya.

Nitoe mfano wa kile tutakachokosa. Tangu mwaka 2018 nchi yetu inawachanja wasichana dhidi ya virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wetu. Tulianza na wenye miaka 14, na mwaka 2024 tukahamia dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Ni hatua kubwa, na ningependa niishi nione matunda yake. Lakini tutayaonaje? Mwaka 2020 watafiti wa Uswidi walichapisha utafiti uliofuatilia wasichana na wanawake karibu milioni 1.7 kati ya 2006 na 2017. Waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 walikuwa na hatari ya saratani hiyo iliyopungua kwa asilimia 88. Hawakugonga mlango wa mtu. Walichukua kumbukumbu za chanjo na daftari la saratani la taifa wakaziunganisha, kwa kuwa kila mtu kule ana namba moja tangu kuzaliwa. Binti yetu aliyechanjwa shuleni akiwa na miaka 14 hakuwa hata na namba ya NIDA, kwa sababu wakati huo kitambulisho cha taifa kilitolewa kwa waliofika miaka 18. Sasa ni mtu mzima, huenda ameolewa na kubadili jina na mkoa. Akija kwangu akiwa na miaka 40, nitajuaje kama alichanjwa? Hilo wahandisi wa programu wanaweza kulitengeneza leo, wakati kadi na orodha za shule bado zipo. Baada ya miaka 20 hakuna programu itakayolirudisha.

Kuna sehemu ya kazi ambayo kompyuta haiwezi kuifanya, nayo ni kujua nani bado yu hai. Tunapiga simu. Mara nyingi namba ni ya mtoto au ya jirani. Nasalimia, najitambulisha, naomba kumjulia hali mama, na upande wa pili unakuwa kimya kidogo kabla ya kuniambia kwamba walishamzika. Natoa pole, nauliza tarehe, naandika. Vifo vingi vya saratani hutokea nyumbani, na mtendaji wa kijiji hana njia ya kutuletea habari. Ningependa viongozi wetu wajue kwamba takwimu ya watu wanaoishi miaka mitano baada ya kugundulika, wanayoiuliza kwenye mikutano, inategemea simu hizo, na vocha ya simu hizo mara nyingi hutoka mfukoni mwetu.

Mwaka 2020 IARC ilikadiria kwamba Watanzania zaidi ya 40,000 walipata saratani na karibu 27,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Ni makadirio, na yamejengwa juu ya madaftari machache ya namna hii yetu. Tunapopanga mashine ngapi za mionzi zinunuliwe na ziwekwe wapi, tunasimama juu ya namba zilizotokana na vyumba vyenye watu wawili na kompyuta moja.

Siku hizi nawasikia wataalamu wakizungumzia akili unde itakayosoma picha za mlango wa kizazi na vioo vya patholojia vyenye vinyama vya kupimwa. Sipingi. Madaktari wetu wa patholojia ni wachache, na msaada wowote wa kweli unakaribishwa. Ila mashine hujifunza kutokana na majibu yaliyothibitishwa. Mkiilisha orodha yetu ya "saratani ya titi" bila kujua ipi ilithibitishwa kwa kinyama na ipi ilikuwa shaka ya daktari siku ya kwanza, itajifunza shaka kana kwamba ni ukweli, na itawarudishia wagonjwa wetu. Kwenye CanReg5 tunaandika msingi wa utambuzi kwa tarakimu moja: 7 ikiwa uvimbe wenyewe umepimwa maabara, 1 ikiwa daktari ameangalia kwa macho na mikono tu. Tarakimu moja. Ni kiasi gani cha kazi kuiongeza kwenye mfumo wa hospitali?

Wapo watakaosema taarifa za wagonjwa ni siri na kuziunganisha ni hatari. Ni kweli ni siri, na sheria ipo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini siri inavuja zaidi pasipo mfumo mzuri. Majibu ya saratani yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, jina na umri vikiwa juu, kwa sababu daktari wa wilayani hana njia nyingine ya kuyapata. Mfumo unaoandika nani alifungua faili la nani na saa ngapi ungemlinda mgonjwa kuliko kufuli la kabati langu.

Niyataje ninayoomba. Ukurasa wa mapokezi uwe na makazi ya kudumu hadi kitongoji, mbali na anwani ya mahali mgonjwa alipofikia. Orodha ya magonjwa iruhusu daktari kusema "nashuku". Tarehe ya kugundulika isifutwe na tarehe ya hudhurio la mwisho. Majibu ya patholojia yaandikwe kama maandishi yanayotafutika. Namba ya mgonjwa iwe moja. Na kazi ya msajili wa saratani itambulike kwenye muundo wa utumishi, maana kwa sasa wengi wetu tunalipwa na miradi. Mradi ukifika mwisho, vishikwambi vinafungiwa kabatini na vijana waliofundishwa kwa gharama kubwa wanakwenda kufanya kazi benki.

Kwa kampuni na idara zinazoandaa mahitaji ya mifumo hii: tumeni mtu wenu akae wiki nzima kati ya dirisha la mapokezi na maabara ya patholojia, asishike kompyuta, aangalie tu na kuuliza. Nasikia mkataba wa mfumo utakaofuata hapa kwetu uko njiani kusainiwa. Chumba cha kumbukumbu kiko ghorofa ya chini, nyuma ya famasi. Nafungua saa moja na nusu asubuhi. Karibuni kabla hamjasaini.

Wako,
Msajili wa saratani,
Mwanza
(Jina na anwani anavyo Mhariri)